Saratani si bagi kwenye kodi, jamani

Ni wiki nyingi sijaandika kitu hapa. Walioniandikia kuuliza kama bado niko hai, niko. Nilikuwa nyumbani Hadado, ambako mtandao huja na kuondoka kama mvua ya Wajir, na nilikuwa na mambo mazito zaidi ya kushughulikia kuliko hifadhidata. Leo pia siandiki kuhusu hifadhidata. Leo nimekasirika, na mkivumilia nitawaeleza kwa nini.

Kilichonikasirisha ni slaidi moja. Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa waandishi wa programu jijini Nairobi. Kijana mmoja nadhifu, mwenye maneno matamu, akasimama kutueleza jinsi kampuni yake changa itakavyoitibu Afrika. Slaidi yake ya tatu ilikuwa na mistari mitatu tu: DNA ni kodi. Saratani ni bagi. Sisi ni mafundi wa bagi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata mimi nilipiga, naona haya kusema. Nilipokaa kwenye matatu ndipo nikaanza kujiuliza nilikuwa napigia makofi kitu gani.

(Kodi ninayosema hapa ni ile tunayoandika sisi, si ya nyumba wala ya KRA.)

Sasa niwaambie nilichokuwa nikikifanya Hadado. Mjomba wangu, kaka ya mama, ana saratani ya umio, yaani ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Ilianza kwa nyama kukwama. Halafu canjeero ikawa haipiti. Mwishowe hata maziwa yakawa yanapita kwa shida. Tukampeleka hospitali, ambayo siitaji, wakamteremshia mpira wenye kamera, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakatuambia tusubiri majibu. Tulisubiri wiki sita. WIKI SITA, na mtu anazidi kukonda mbele ya macho yetu.

Ripoti ilipofika ilikuwa karatasi moja. Niliisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma mwongozo wowote wa programu. Haikutaja herufi hata moja ya DNA. Ilisema kwamba seli zina viini vikubwa kupita kiasi, vilivyoshika rangi nzito, visivyolingana kwa ukubwa wala kwa umbo. Kwa sababu ya viini hivyo, na jinsi seli zilivyojipanga ovyo, daktari akatoa jina la ugonjwa.

Hebu simama hapo kidogo, msomaji. Daktari aliitambua saratani kwa kutazama UMBO LA KIINI kwenye hadubini. Hakusoma kodi yoyote. Wanapatholojia wamefanya kazi hiyo hivyo kwa zaidi ya miaka 100, tangu kabla mtu yeyote hajajua DNA ina sura gani. Basi kama saratani ni herufi moja iliyokosewa mahali fulani, kwa nini nyumba nzima inapinda?

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi, na nimelisomea kwa wiki kadhaa. Nina shahada ya kompyuta, si ya udaktari, kwa hiyo nitaeleza kama mtu wa kompyuta anayejua kusoma.

Tuanze na vipimo. Ukiichukua DNA yote iliyomo ndani ya seli moja ya mwanadamu na kuinyoosha, utapata uzi wa mita 2 hivi. Uzi huo umekatwa vipande 46, yaani kromosomu, na umekaa ndani ya kiini ambacho upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Ukikikuza kiini kifike ukubwa wa punje ya mahindi, uzi wake utakuwa na urefu wa kilomita 2. Jaribu kukunja kilomita 2 za uzi ndani ya punje ya mahindi, halafu uweze kusoma ukurasa wowote unaoutaka kwa wakati unaotakiwa. Hiyo si faili iliyolala kwenye diski. Ni kazi ya ujenzi.

Na wajenzi wapo. Wa kwanza ni protini zinazoitwa lamini. Aliyekulia kwetu ataelewa haraka nikimtajia aqal, nyumba ya wafugaji. Kwanza unapinda miti, unaifunga pamoja hadi inakuwa kiunzi, kisha unatandika mikeka juu. Lamini ndizo miti ile. Ziko aina A, C, B1 na B2, na zimesukwa wavu chini ya utando wa kiini. Wavu huo unaitwa lamina. Unakipa kiini umbo na ugumu wake.

Lakini kiunzi cha aqal hakibebi mikeka tu. Vitu visivyotumika leo huning'inizwa pembeni. Lamina nayo inafanya hivyo. Mwaka 2008 watafiti walichora ramani ya sehemu za DNA zinazogusa lamina kwenye seli za binadamu, wakapata zaidi ya 1,300, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya theluthi moja ya DNA yote. Jeni zilizomo humo nyingi zimenyamaza. Zimening'inizwa ukutani. Seli ya ini na seli ya ngozi zina herufi zile zile, lakini hazijaning'iniza vitu vile vile.

Mnataka ushahidi kwamba ukuta ndio unaoshika? Katika macho ya panya, seli zinazoona gizani hupoteza lamini A pamoja na protini nyingine inayoishikiza DNA ukutani. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba kiini cha seli hizo kimegeuzwa ndani nje: DNA iliyofungwa, ambayo kwa kawaida hukaa pembeni, imejikusanya katikati. Herufi ni zile zile za seli nyingine za panya huyo huyo.

Wajenzi wengine ni kohesini na CTCF. Kohesini ni pete. Inauvuta uzi wa DNA na kutengeneza kitanzi, kitanzi kinakua, hadi pete ikutane na CTCF, ambayo ni kama kigingi kilichopigwa mahali maalumu. Vitanzi hivi vina maana kubwa kwa sababu jeni nyingi huwashwa na swichi iliyo mbali nazo. Kitanzi huileta swichi karibu na jeni yake, na kigingi huizuia swichi hiyo isiguse jeni ya jirani. Sisi watu wa programu tunalo jina la kitu kama hiki. Tunaita ruhusa: nani anafikia faili gani. Seva yenye kodi safi kabisa lakini ruhusa zimevurugika ni seva iliyokufa, na kila mmoja wetu ameshakesha usiku akijifunza hilo.

Haya, sasa saratani. Na hapa sihitaji kwenda mbali, kwa sababu mfano bora zaidi duniani ni wetu, wa Afrika Mashariki. Inashangaza kwamba katika ukumbi mzima uliojaa Wakenya hakuna aliyeutaja.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukishambulia watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri maelfu ya kilomita kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza nani ameuona ugonjwa huu na nani hajauona. Ulifuata joto na mvua, sehemu zile zile zenye malaria nyingi. Hapa Kenya ni Ziwa Victoria na Pwani zaidi, si kwetu kwenye ukame. Sampuli zikasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wamekuta kirusi ndani ya seli zake. Leo kinaitwa EBV.

Lakini kirusi hakikumaliza hadithi. Mwaka 1976 ilionekana kwamba katika seli za uvimbe huo kromosomu ya 8 na ya 14 zimebadilishana vipande. Mwaka 1982 ikajulikana nini kilihama: jeni inayoitwa MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli ikue na igawanyike, imehamishiwa jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili. Seli hizi ni za kinga, kutengeneza kingamwili ndiyo kazi yao, kwa hiyo swichi za mtaa ule hazizimwi. MYC ikajikuta imepanga chumba kwenye nyumba ambayo taa zinawaka usiku na mchana.

Sasa sikiliza. Katika aina ya ugonjwa huu inayowapata watoto wetu, mkato wa kromosomu mara nyingi uko mbali na MYC, hata herufi laki moja au zaidi kutoka hapo. Ni kweli MYC nayo hupata makosa ya herufi, sifichi. Lakini msiba mkubwa ni kwamba imehamishiwa kwa jirani mwingine.

Na kwa nini 8 na 14, kati ya kromosomu zote? Mwaka 2003 watafiti walitazama seli za kinga zenye afya, ambazo hazijavunjika popote. Wakakuta MYC na jeni ya kingamwili hukaa karibu karibu mara nyingi kuliko ambavyo bahati nasibu ingetoa. Mwaka 2007 wengine wakaonyesha kwamba seli ikiamshwa, MYC husogea hadi mahali pale pale jeni ya kingamwili inaposomwa. Yaani kabla ya ajali, magari yalikuwa tayari kwenye njia panda moja. Mpangilio wa kiini ulitayarisha ajali. Hata EBV imeujua mchezo huu: mwaka 2022 ilichapishwa kazi inayoonyesha kwamba genomu ya kirusi hicho, kikiwa kimejificha, hushikamana na lamina, na lamina husaidia kuamua jeni zipi za kirusi zinyamaze. Kirusi kinaheshimu ukuta, sisi tunaudharau.

Si Burkitt peke yake. Mwaka 2016 ilionyeshwa katika aina fulani za uvimbe wa ubongo kwamba vigingi vya CTCF vinang'oka kwa sababu DNA imepakwa alama za kemikali kupita kiasi. Swichi ya jirani ikavuka mpaka, ikawasha jeni ya ukuaji iitwayo PDGFRA. Mwaka huo huo ikaonekana katika saratani moja ya damu kwamba kuvunjika kwa mipaka ya vitanzi kunatosha kuwasha jeni za saratani zilizokuwa zimelala. Na STAG2, ambayo ni kipande cha pete ya kohesini, hukutwa imeharibika katika saratani kadhaa, ikiwemo ya kibofu cha mkojo.

Turudi kwa lamini, maana hapa ndipo slaidi ile inapoaibika zaidi. Katika uvimbe wa aina nyingi lamini A hupungua, katika mwingine huongezeka, na kwa kawaida jeni yake haina kosa lolote la herufi. Kiasi chake tu ndicho kilichobadilika. Kiini kikipungukiwa lamini A huwa laini, na seli laini hupenya mahali pembamba. Hivyo ndivyo saratani inavyosafiri. Lakini kupenya huko kuna gharama: mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba seli ikijibana kupita mahali pembamba, utando wa kiini hupasuka, na DNA iliyomo huumia.

Kuna kibaya zaidi. Wakati seli inagawanyika vibaya, kromosomu moja inaweza kuachwa nje na kujengewa kiini chake kidogo cha pembeni. Viini hivi vidogo mara nyingi hupungukiwa lamini B1, na kuta zake hubomoka. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba kromosomu iliyo ndani ya kiini cha namna hiyo inaweza kusagika vipande vipande kisha kuungwa upya bila mpangilio wowote. Mkiisoma kodi yake baadaye mtaona makosa mamia, mtasema: mmeona, bagi! Lakini makosa hayo yameingia baada ya ukuta kubomoka.

Najua mtakachosema. Mtasema lamini nayo imeandikwa kwenye DNA, kwa hiyo kila kitu ni kodi mwishowe. Nakubali nusu. Kuna ugonjwa wa watoto kuzeeka mapema, projeria, na mwaka 2003 ilijulikana kwamba chanzo chake ni herufi MOJA iliyobadilika kwenye jeni ya lamini A. Herufi moja, na kiini kizima kinajikunja. Nakubali pia kwamba kusoma herufi kumeokoa watu: dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ilitokana na kuijua vizuri jeni moja iliyoungwa vibaya kwenye saratani ya damu. Sipingi kusoma kodi. Napinga kumwambia mwananchi kwamba kodi ndiyo ugonjwa wote, halafu kupanga bajeti kwa kufuata uongo huo.

Kwa sababu kuhusu ugonjwa wa mjomba wangu, kodi imeshasomwa. Saratani ya umio ina ukanda wake unaoanzia Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Watu walitaka kujua kwa nini. Wakachukua uvimbe 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi, wakasoma DNA yote mwanzo hadi mwisho, wakachapisha mwaka 2021. Walitegemea kwamba mahali penye ugonjwa mwingi patakuwa na alama yake ya pekee kwenye herufi, kama vile moshi wa sigara unavyoacha alama yake. Hawakuikuta. Makosa ya herufi yalifanana nchi hadi nchi, penye wagonjwa wengi na penye wachache. Tofauti ya idadi ya wagonjwa haikuelezeka kwa alama yoyote.

Sisemi lamini ndizo jibu. Ningesema hivyo ningekuwa kama yule kijana. Wala sisemi ni chai, ingawa kwetu shaah hunywewa ikitokota, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya digrii 65 kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Ninachosema ni hiki: kodi yote imesomwa, na swali letu kubwa halikupata jibu ndani yake. Baada ya hapo, mtu anayesimama jukwaani na kusema saratani ni bagi hajasoma kazi iliyofanywa kwa nyama ya watu wa kwao.

Basi nataka nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji slaidi nzuri.

La kwanza, maabara ya patholojia kabla ya mashine ya kusoma DNA. Ushahidi wa kwanza wa saratani ni umbo la kiini, na kiini hakisubiri. Kipande cha nyama kisipotiwa kwenye formalini mapema huoza, na umbo hupotea pamoja na ushahidi. Formalini, nta, kisu cha kukatia, rangi, hadubini, na mtu aliyesomea kuangalia. Vitu hivi si vya ajabu. Kutoka Wajir hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 300, na kwa kipande kidogo ndani ya chupa hiyo ni safari ndefu kama hakuna anayekifuatilia.

La pili, tuhifadhi vipande hivyo. Nyama iliyogandishwa ndani ya nta hukaa miaka mingi. Na hata mpangilio wa kromosomu unaweza kutazamwa humo: unaweka rangi nyekundu upande mmoja wa MYC na kijani upande wa pili. Zikisimama pamoja, jeni haijakatwa. Zikiachana, imehama. Unaona kwa macho yako. Tukivitupa vipande vya watu wa Wajir, Mandera na Garissa, kesho wengine watajibu maswali yetu kwa kutumia miili isiyo yetu.

La tatu ni letu, waandishi wa programu. Andikeni programu inayochosha! Inayojua chupa ya mgonjwa iko wapi leo, nani aliipokea, saa ngapi iliingia kwenye formalini, na inayotuma ujumbe mfupi ripoti ikiwa tayari. Ukitaka kazi ngumu zaidi, piga picha za slaidi za kioo, si zile za mkutano, na umfundishe mashine kupima umbo la viini ili mwanapatholojia aliye mbali aanze na zile zinazotisha. Hapo akili bandia yenu itakuwa imepata kazi halali.

Sampuli za Burkitt zilifika London kutoka Uganda miaka ya 1960, enzi za telegramu. Majibu ya mjomba wangu yalichukua wiki sita ndani ya nchi moja, enzi hizi ambazo kila mtu ana simu mfukoni. Hiyo ndiyo bagi, kama mnaitaka sana.

Sasa hivi yuko Garissa kwa matibabu. Nilipomwaga aliniita abti, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, akaniuliza: "Abti, hizo kompyuta zako zinasemaje?" Nikamwambia bado zinajifunza. Akacheka, kikohozi kikamshika, akasema nami niharakishe kujifunza.

Mwenye hoja tofauti aniandikie, ila asome kwanza. Wiki ijayo, inshallah, tunarudi kwenye hifadhidata.